Kobla ya Mapichi: Historia ya Kitindamlo cha Kusini mwa Marekani

Kobla ya mapichi ni kitindamlo, yaani chakula kitamu cha kumalizia mlo, kinachotengenezwa kwa vipande vya mapichi vilivyokolezwa sukari na viungo, vikafunikwa kwa donge la unga wa ngano lililosukumwa au kumiminiwa rojo la unga na maziwa, kisha vikaokwa mpaka juu pakauke na kupata rangi ya dhahabu huku chini kukibaki mchuzi mzito wa matunda. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani, hasa Georgia, South Carolina na Alabama, chakula hiki huandaliwa kwa mlo wa Jumapili, kwa wageni wa msibani na kwa karamu za kanisa, na kwa kuwa hakidai vifaa vya gharama wala umbo la kuvutia macho, watu wengi wamezoea kukihesabu kuwa uvumbuzi mwepesi wa walowezi wa Kizungu waliopika kwa kile walichokikuta shambani. Historia ya tunda lenyewe, ya chungu kilicholipika na ya watu waliosimama mbele ya moto inaonyesha jambo zito zaidi: kobla ni kazi ya mikono mingi, na mikono iliyobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo ndiyo iliyoandikwa kidogo zaidi.

Pichi, ambalo kamusi za Kiswahili huliita pia fyulisi na ambalo hustawi katika nyanda zenye baridi kama Lushoto nchini Tanzania, huzaliwa na mti ambao wataalamu wa mimea huuita Prunus persica. Jina hilo la Kilatini linalihusisha tunda na Uajemi, kwa kuwa Warumi walilipokea kutoka upande huo, lakini chimbuko lake ni China, ambako kokwa zilizofukuliwa katika jimbo la Zhejiang zimepimwa na kuonekana kuwa na umri wa takriban miaka 8,000. Kutoka huko tunda lilifuata njia za biashara za Asia ya Kati, likafika Uajemi, kisha Ugiriki na Roma, na katika magofu ya Herculaneum, mji wa Italia uliofukiwa na mlipuko wa mlima Vesuvius mwaka 79, imepatikana picha ya ukutani inayoonyesha mapichi mabichi yakiwa bado na majani yake. Baada ya karne nyingi za kulimwa katika nchi zinazopakana na Bahari ya Kati, tunda hili lilipakiwa katika merikebu za Wahispania na kuvushwa Atlantiki katika karne ya 16.

Wahispania waliasisi mji wa St. Augustine katika pwani ya Florida mwaka 1565, na kwa muda mrefu iliaminika kwamba mapichi yalienea bara kutoka katika bustani zao na za wamisionari wao. Hata hivyo, kokwa zilizofukuliwa katika bonde la mto Oconee, huko Georgia, zimepatikana katika makazi ya Wenyeji wa Amerika ambayo umri wake unafikia katikati ya karne ya 16, yaani kabla Wahispania hawajaweka makazi ya kudumu katika eneo hilo. Maana yake ni kwamba walioeneza tunda hili ni Wenyeji wenyewe, ambao tayari walikuwa na ujuzi wa kutunza miti ya matunda na njia zao za kubadilishana mali kutoka kijiji hadi kijiji, nao walipata katika pichi mti unaoota kwa kokwa tu na kuzaa ndani ya miaka michache. Mpelelezi Mwingereza John Lawson, ambaye kitabu chake kuhusu Carolina kilichapishwa mwaka 1709, aliandika kwamba Wenyeji aliokutana nao walilihesabu pichi kuwa tunda lao wenyewe lililokuwapo kabla ya Wazungu, na wingi wa miti aliyoiona ulimfanya asiwapinge kwa urahisi.

Ukaribu huo kati ya watu na mti ulijulikana vizuri na majeshi yaliyotaka kuwaondoa watu hao katika ardhi yao. Mwaka 1779, wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, jeshi lililoongozwa na Jenerali John Sullivan kwa amri ya George Washington lilipita katika nchi ya Wahaudenosaunee, ambayo sasa ni sehemu ya jimbo la New York, likichoma nyumba na mazao, na katika mji wa Wakayuga uitwao Chonodote, ambao wanajeshi waliuita mji wa mapichi, miti ipatayo 1,500 ilikatwa. Mwaka 1864 jambo hilohilo lilitendeka katika bonde la Canyon de Chelly huko Arizona, ambako majeshi yaliyokuwa chini ya Kit Carson yalikata maelfu ya mipichi ya Wanavajo baada ya kuwalazimisha wengi wao kuhama. Shamba la matunda ni ushahidi kwamba watu wamekaa mahali na wanakusudia kuendelea kukaa, na ndiyo sababu shoka lilitangulizwa kwenye miti. Mlowezi aliyechuma mapichi katika misitu ya Georgia mwanzoni mwa karne ya 19, akidhani ameyakuta yakiota yenyewe, mara nyingi alikuwa akichuma katika bustani ya watu waliofukuzwa.

Upande wa unga, historia inaanzia Uingereza, ambako kwa karne nyingi nyama na matunda vilifungwa ndani ya ganda la unga na kuokwa, chakula ambacho Waingereza huita pai. Pai nzuri ilihitaji tanuri la matofali lenye joto la kutulia na meza ya kusukumia unga mwembamba, na vitu hivyo vilikuwa adimu katika vibanda vya magogo vya walowezi, ambamo mapishi yote yalifanywa kwenye sehemu moja ya moto iliyo wazi. Pengo hilo lilizibwa na chungu cha chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Abraham Darby, fundi wa Bristol, alipata hataza ya kusubu vyungu vya chuma katika kalibu za mchanga mwaka 1707, na vyungu vya namna hiyo, ambavyo Wamarekani waliviita vya Kiholanzi, labda kwa sababu mafundi wa Uholanzi walisifika kwa kusubu shaba nyeupe kwa njia hiyo ya mchanga, vilienea katika makoloni yote.

Chungu kilichotumika kuokea kilikuwa na miguu mifupi mitatu, iliyokiinua juu ya makaa, na kifuniko bapa chenye ukingo ulioinuka ili makaa yawekwayo juu yasidondoke. Mpishi alitandaza makaa machache chini na kurundika mengi zaidi juu ya kifuniko, kwa kuwa joto la chini likizidi huunguza matunda na sukari kabla ya unga kuiva, hali inayofahamika kwa kila mpishi wa pwani ya Afrika Mashariki aliyewahi kupalia makaa juu na chini ya mkate wa kumimina. Ndani ya chungu, pembeni palizungushiwa unga mnene, matunda yakajazwa katikati pamoja na sukari au asali ya miwa, na unga mwingine ukatandazwa juu bila kujali kama kingo zimelingana. Chakula kilichotoka humo hakikuweza kukatwa vipande vilivyonyooka kama pai, bali kilichotwa kwa kijiko kikubwa na kumiminwa katika bakuli pamoja na mchuzi wake, na Wamarekani wengi hulihusisha jina lake na kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kuunga vitu harakaharaka kwa kile kilichopo.

Jina hilo lilichapishwa katika kitabu cha mapishi cha Lettice Bryan wa Kentucky, kilichotoka mwaka 1839, ambamo pai ya mapichi ya chunguni inaelezwa pamoja na jina la kobla kama lilivyozoeleka kwa watu wa kawaida. Bryan alishauri yatumike mapichi yaliyoiva sana ya aina ambayo nyama yake imegandamana na kokwa, akakiri kwamba chakula hicho hakikuwa cha fahari mbele ya wageni, lakini akakisifu kuwa bora kabisa kwa familia kikiliwa na maziwa baridi. Miaka 20 baadaye, yaani mwaka 1859, kamusi ya maneno ya Kimarekani ya John Russell Bartlett ilikieleza kuwa ni aina ya pai inayookwa katika chungu kilichozungushiwa unga mnene, ikitaja ile ya matofaa na ile ya mapichi. Kwa hiyo kufikia katikati ya karne ya 19 kobla ilikuwa imekwisha kupata jina, umbo na cheo chake, nacho kilikuwa cheo cha chakula cha ndani, kisichopelekwa sebuleni.

Kentucky ya Bryan ilikuwa jimbo la utumwa, na sensa ya mwaka 1860 ilihesabu karibu watu milioni 4 waliotumikishwa katika Marekani nzima, wengi wao Kusini. Katika nyumba za wenye mashamba makubwa, jiko lilijengwa mbali na nyumba kuu ili kuepusha moto na joto, na aliyeshinda humo tangu kabla ya alfajiri alikuwa kwa kawaida mwanamke Mwafrika au mzaliwa wa Waafrika, ambaye alipima joto la tanuri kwa kuingiza mkono na kuhesabu ni kwa muda gani anaweza kuvumilia. Ujuzi huo ulihifadhiwa katika kumbukumbu kwa sababu sheria zenyewe ziliziba njia nyingine: South Carolina ilipiga marufuku kumfundisha mtumwa kuandika tangu mwaka 1740, na majimbo mengine ya Kusini yakafuata kwa sheria zao katika karne ya 19. Matokeo yake ni kwamba mapishi yaliyotengenezwa na mikono ya wapishi hawa yaliandikwa na waajiri na wamiliki wao, yakachapishwa kwa majina ya wamiliki hao, na msomaji wa vitabu vya kipindi hicho hukutana na chakula bila kukutana na mpishi.

Pazia hilo lilianza kufunuliwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865. Malinda Russell, mwanamke Mweusi aliyezaliwa huru huko Tennessee na ambaye aliwahi kuendesha duka la keki na vitafunio, alichapisha kitabu chake cha mapishi mwaka 1866 katika mji wa Paw Paw, Michigan, na hicho ndicho kitabu cha kwanza kinachojulikana cha mapishi kuandikwa na Mmarekani Mweusi. Sehemu kubwa ya kurasa zake ni vitu vya kuokwa na vitamu. Mwaka 1881 huko San Francisco kilitoka kitabu cha Abby Fisher, aliyezaliwa katika utumwa huko South Carolina, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, hivyo aliwasimulia waandishi mapishi ya Kusini aliyokuwa ameyabeba kichwani kwa miaka mingi. Vitabu hivi viwili vinatosha kuthibitisha kwamba uokaji wa Kusini ulikuwa taaluma yenye kanuni na vipimo, na kwamba wenye taaluma hiyo, pale tu walipopewa nafasi ya kusema kwa majina yao, walikuwa na mengi ya kufundisha.

Wakati huohuo pichi lenyewe lilikuwa likigeuka kutoka tunda la uani, ambalo ziada yake ilianikwa juani, kuchachushwa kuwa pombe kali au kulishwa nguruwe, na kuwa bidhaa ya reli. Raphael Moses wa Columbus, Georgia, alikuwa miongoni mwa wakulima wa kwanza kufanikiwa kupeleka mapichi New York mwanzoni mwa miaka ya 1850, na baada ya vita, katika miaka ya 1870, Samuel Rumph wa Marshallville alikuza aina mpya yenye tunda kubwa, la manjano na gumu kiasi cha kustahimili safari, akaipa jina la mkewe, Elberta. Aina hiyo ilitokana na pichi lililoitwa la Kichina, ambalo mche wake ulikuwa umeletwa Marekani mwaka 1850 kutoka China kupitia Uingereza, kwa hiyo tunda lililoifanya Georgia kujulikana lilirudi kuchota nguvu katika nchi ya asili yake. Rumph alisafirisha mazao yake katika masanduku yaliyopozwa kwa barafu, na kazi ya kuchuma, kuchambua na kupakia ilifanywa kwa ujira mdogo na watu waliokuwa watumwa jana pamoja na watoto wao. Mwaka 1924 Georgia ilianzisha wilaya iliyopewa jina la tunda hilo, Peach County, na mwaka 1928 mavuno ya jimbo yalifikia kilele cha karibu busheli milioni 8, busheli moja ikiwa ujazo wa takriban lita 35.

Biashara hiyo iliathiri kobla kwa njia ambayo vitabu vya uchumi havikuizingatia. Tunda linalosafirishwa huchumwa likiwa gumu, lakini pichi huwa na harufu na utamu wake kamili likiachwa liivie mtini, na likishafika hapo huchubuka kwa kuguswa tu. Yaliyopanda treni yalikuwa mazuri ya sura, na yaliyobaki nyumbani, yaliyopondeka, yaliyoiva kupita kiasi au yaliyotobolewa na ndege, ndiyo yaliyokuwa na ladha kubwa zaidi, na hayo ndiyo yaliyoingia chunguni. Chupa za kioo zenye kifuniko cha skrubu, ambazo John Landis Mason alizipatia hataza mwaka 1858, ziliwezesha familia kuyahifadhi hadi majira ya baridi, na mapichi ya kopo kutoka California yakafanya kobla iwezekane hata katika nyumba isiyo na mti hata mmoja.

Unga nao ulibadilika. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 majiko ya chuma yenye oveni yalienea majumbani, na poda ya kuumulia, yaani beking pauda, ambayo mkemia Eben Horsford alipata hataza yake mwaka 1856, ilimwezesha mpishi kuumua unga kwa dakika chache bila kusubiri hamira. Kutokana na mabadiliko hayo zilitulia namna tatu kuu za kobla: ya kwanza hutumia unga uliosukumwa kama wa pai na kukatwa vipande virefu vinavyopishanishwa juu ya matunda; ya pili hudondoshewa madonge laini ya unga ulioumuliwa, ambayo huiva yakawa kama mikate midogo iliyokaa juu ya mchuzi; na ya tatu huanza na siagi iliyoyeyushwa katika trei, ikamiminiwa rojo la kikombe kimoja cha unga, kimoja cha sukari na kimoja cha maziwa, kisha matunda yakawekwa juu bila kukorogwa, na kadiri joto linavyopanda ndivyo rojo linavyoumuka na kuyafunika matunda kutoka chini.

Namna ya kwanza, inayopendwa katika familia nyingi za Waamerika Weusi, inastahili kutazamwa kwa karibu. Kila pichi huchanjwa alama ya msalaba chini, likatumbukizwa katika maji yanayochemka kwa muda wa nusu dakika hivi na kuhamishiwa katika maji baridi, na ganda lake hapo huambuka kwa kidole bila kuondoka na nyama. Vipande vikishakatwa hunyunyiziwa sukari na kuachwa, kwa kuwa sukari huvuta maji ya tunda na kutengeneza mchuzi wake wenyewe, ambao huchemshwa kidogo pamoja na kungumanga, mdalasini, siagi na maji ya limau yanayozuia utamu usichoshe. Wapishi wengi hutandika tabaka moja la unga katikati ya matunda na jingine juu. La katikati hufyonza mchuzi na kuwa laini kama andazi lililolowa, huku la juu, lililopakwa siagi na kunyunyiziwa sukari, likikauka na kuvunjika kwa kijiko. Kobla ikitoka ovenini huachwa itulie kabla ya kupakuliwa, kwa sababu mchuzi unaochemka ni mwepesi na huwa mzito kadiri unavyopoa.

Kati ya mwaka 1910 na 1970 Wamarekani Weusi wapatao milioni 6 waliondoka Kusini kukimbia umaskini na sheria za ubaguzi, wakahamia Chicago, Detroit, New York, Oakland na miji mingine, nao walihama na mapishi yao. Katika miji hiyo mapichi mengi yalitoka katika kopo, lakini mpangilio wa unga na viungo ulibaki uleule, na kobla ikawa sehemu ya mlo wa baada ya ibada na wa maadhimisho ya Juni 19, siku ambayo mwaka 1865 tangazo la uhuru lilisomwa kwa watumwa huko Galveston, Texas. Katika miaka ya 1960 mapishi haya yalipata jina la pamoja linalomaanisha chakula cha roho, na mwaka 1976 Edna Lewis, mjukuu wa mmoja wa waasisi wa kijiji cha Freetown, Virginia, kilichoanzishwa na watu walioachwa huru, alichapisha kitabu kilichopanga mapishi ya kijiji hicho kwa kufuata majira ya mwaka, akisisitiza kwamba utamu wa chakula cha watu wake ulitokana na kuchuma kitu kwa wakati wake na kukipika kwa uangalifu. Lewis alikipa chakula cha nyumbani heshima ya maandishi ambayo vitabu vya wenye mashamba vilikinyima.

Leo California huzalisha mapichi mengi kuliko jimbo jingine lolote la Marekani, na South Carolina mara nyingi huipita Georgia, ingawa Georgia ndiyo inayojiita jimbo la mapichi. Mpichi huhitaji mamia ya saa za baridi katika majira ya kipupwe ili uchanue vizuri, na kipupwe chenye joto kikifuatwa na baridi kali ya ghafla wakati maua yamekwisha kufunguka, mavuno hupotea. Ndivyo ilivyotokea Georgia mwaka 2023, ambapo zaidi ya asilimia 90 ya mapichi iliharibika. Elberta, pichi lililopewa jina la mke wa mkulima na kuandikwa katika kila orodha ya miche ya zama zake, halitawali tena mashamba ya biashara. Kobla ya wapishi ambao majina yao hayakuandikwa popote ingali inaokwa kila Jumapili. Kwa hiyo anayeandika historia ya chakula hiki ana wajibu wa kuwataja Wenyeji waliopanda miti na wanawake Weusi waliolinda moto, na kila familia yenye mpishi mzee, iwe Georgia au popote pengine, iandike mapishi yake mapema na iandike jina lake juu ya ukurasa.